Jina Ubaoni

Bredäng, Stockholm
Jumapili ya Aprili, baada ya misa

Dada yangu mpendwa Frasia,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kusafisha koo mara mbili, nautangazia ukoo mzima, walioko Ifakara, walioko Mahenge, na hata yule binamu aliyehamia Dodoma bila kuaga mtu, kwamba ndugu yenu Deogratias, fundi wa lifti, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili na goti moja zima, ameandikwa ubaoni. Ubao wenyewe ni mweusi, upana wake kama ungo, na umetundikwa ndani ya kibanda cha kutazamia ndege kando ya bwawa la matete. Mtu anaandikwa kwa chaki. Hakukuwa na gwaride. Ng'ombe wa zawadi pia hayupo, shemeji Kasto aache kuuliza. Hata hivyo ubaoni ni ubaoni, na naomba tangazo hili lisomwe kanisani, kama padre atapata nafasi, mara baada ya matangazo ya ndoa.

Haya, sasa tukae chini tuzungumze. Hujambo dada? Lile jino umeling'oa, au bado unalibembeleza na karafuu? Bonde la chini limepata mvua, au imepita juu kwa juu ikaenda kumwagikia watu wasiolima? Nahesabu hapa kwamba sasa hivi mpunga unatoa masuke, na nyinyi mmeanza kutazama angani kwa jicho baya. Nitarudi kwenye hilo jicho baya, usilisahau.

Sisi hatujambo. Baridi ya safari hii ilikuwa kama mgeni asiyejua kuondoka: unamwona amesimama, amevaa kofia, moyo unafurahi, mara anakaa tena kuomba chai nyingine. Mwezi wa tatu theluji iliyeyuka, tukaweka makoti mazito kabatini, kesho yake ikaanguka upya. Mimi bado napanda na kushuka na lifti za watu. Januari goti liligoma nikiwa ndani ya shimo la lifti huko Farsta, nikashindwa kuinuka. Bibi mmoja wa ghorofa ya chini, mwenye miaka kama themanini, ndiye aliyenisogezea ngazi huku akiniamuru nipumue taratibu. Nimekuja Ulaya kusaidiwa na vikongwe. Mama Adela yuko salama, bado yuko jikoni kwenye nyumba ya wazee, Jumamosi moja anafanya kazi, nyingine anapumzika, na hiyo anayopumzika anapanga makabati yangu ili nisipate kitu.

Na mama yetu mdogo, binti yangu? Najua wewe huwezi kumwita Adela hata kidogo, kwa kuwa jina ni la marehemu mama. Basi mama yako amefika miaka kumi na minne, amenipita kimo kwa vidole viwili. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi, na siku nyingine hanijibu kwa lugha yoyote. Mwisho wa Juni anakuja kwako na mama yake, tiketi zimeshapatikana. Kwa sababu hiyo nimeona nikae niandike barua ya karatasi, iwatangulie kwa mkono wa msafiri mwingine, badala ya kutuma sauti nyingine kwenye kundi la familia. Sauti yangu ukiifungua inasikika mpaka kwa jirani.

Sasa nikueleze huu wazimu wa ndege ulivyoingia nyumbani kwangu.

Miaka miwili iliyopita lifti ya jengo letu wenyewe ilikwama, na ndani yake alikuwemo mama mmoja mstaafu wa ghorofa ya tatu, Birgitta. Nilipomfungulia alitoka na darubini shingoni, buti za matope miguuni, akasema asante, kisha akalalamika kwamba nimemchelewesha kumwona bata. Adela alikuwa amesimama nami. Akauliza, "Bata gani?" Swali moja tu hilo, dada. Jumamosi iliyofuata akaondoka naye kabla jua halijatoka, na tangu hapo nina mtoto anayeweza kukaa saa tatu kwenye upepo wa kukata masikio, akitazama maji yasiyofanya kitu chochote.

Mwanzoni alikuwa akinisimulia asubuhi kwenye uji. Leo kafika fulani, jana kaondoka fulani, yule wa kishungi kapotea njia. Nilikuwa naitikia "ehee, ehee" huku nasoma simu. Halafu Krismasi hii iliyopita tulikuwa na wageni, pilau iko mezani, na mimi ukinipa watu watatu na soda nadhani niko jukwaani. Nikamtambulisha: "Huyu ndiye daktari wetu wa kunguru! Anaamka alfajiri kwenda kuwasikiliza mapafu!" Nikapiga mabawa na viwiko katikati ya sebule. Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mama Furaha, jirani yetu wa Bukavu, akauliza kwa masikitiko ya kweli, "Papa Adela, mutoto analamuka mapema hivi juu ya kuangalia tu ndege? Na hamuzikule?" Watu wakacheka tena.

Adela naye alicheka kidogo, kwa adabu. Akaweka sahani yake chini, akaenda chumbani. Tangu siku hiyo hakunitajia ndege hata mmoja. Januari ikapita, Februari ikapita, uji unanyweka kimya. Nilikuwa nikidhani habari za ndege zimenichosha, kumbe ndizo habari pekee alizokuwa akiniletea.

Basi mwishoni mwa mwezi wa tatu akasimama jikoni, akaongea na friji. Alisema kwa Kiswidi, mimi nakuwekea kwa lugha yetu:

"Jumamosi ijayo mtoto lazima aende na mtu mzima wake. Mama yuko kazini."

"Ehee."

"Unaweza kuja. Kama huna la kufanya."

Nilikuwa nalo. Nilikuwa na matairi ya baridi ya kubadilisha, na nilikuwa nimemwahidi mtu wa Spånga kumtazamia mlango. Nikasema, "Sina la kufanya kabisa mwaka huu."

Akanipa masharti. Nisivae lile koti langu jekundu. Nisimsalimie kila mtu na kumuuliza ya nyumbani kwake. Simu nizime. Nisisimulie Ifakara. Na zaidi ya yote nisipige kelele. "Baba, kule watu wananong'ona. Unajua kunong'ona?" Nikamjibu kwa kunong'ona kwamba najua. Akasema huko ndiko kuongea kwangu kwa kawaida, nipunguze.

Tukatoka bado giza la bluu. Metro mpaka mjini, treni mpaka Spånga, basi, halafu miguu nusu saa kwenye njia ya matope yaliyoganda juu na kulainika chini, ya kumlaghai mtu mzima. Mimi nilivaa koti la kijivu la mama Adela, vifungo havikukubali kukutana. Birgitta alikuwa mbele, na wengine wanne nyuma yake, wote wastaafu, mmoja akiwa na darubini kubwa kama bomba la maji, juu ya miguu mitatu. Niliwasalimu kwa kichwa tu. Ilinitesa.

Na bwawa lenyewe, dada, sikutegemea. Katikati barafu ilikuwa bado, rangi ya majivu, imepasuka vipande, na pembeni maji meusi yamefunguka. Matete ya mwaka jana yamesimama makavu, yanasuguana. Mahali pale pananuka matope. Unajua kuna nchi ambayo kwa miezi mitano hainuki kitu? Halafu asubuhi moja matope yanafunguka, na mtu wa Kilombero anasimama njiani kama amepigwa kofi, kwa sababu anasikia harufu ya kwao.

Kibanda kiko juu ya nguzo. Unapanda ngazi, kuna sakafu ya mbao, paa, na upande wa mbele uwazi wenye reli ya kuegemea. Nilipofika juu nikaangalia huku na huku nikasema moyoni: hili si ni dungu, lile la kuamia ndege wasile mpunga? Wazungu wametengeneza dungu, wakaweka na ubao.

Adela alinisogezea darubini. Kwa dakika kumi za kwanza nilitazama kope zangu mwenyewe, nikamwambia naona ndege mweusi mwenye nywele. Akanirekebishia. Halafu ndege wakaja: bata bukini wawili wanagombana juu ya barafu, kama shemeji na mjomba kwenye bao; yule wa kishungi, mweupe na mweusi, anayeruka kama karatasi inayopeperuka. Adela alikuwa akininong'oneza jina la kila mmoja, pumzi yake ya moto sikioni. Nikawa nakosea makusudi ili arudie.

Kilichofuata nadhani umeshakisikia kwenye ile sauti niliyoituma kundini: jinsi jicho langu la mtoto wa mpunga lilivyoona mtikisiko kwenye matete ambao wazee wote wale hawakuuona, jinsi alivyotoka ndege wa kahawia mwenye mistari, ndugu wa yangeyange, ambaye huku wanamsikia zaidi kuliko kumwona, akinguruma kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa, na jinsi Birgitta alivyonipa mkono. Desturi yao ni kwamba anayemwona ndege wa kwanza wa aina yake kwa mwaka huo anaandikwa ubaoni. Hayo ndiyo niliyosema na sitayaongezea hapa.

Nisalimie shemeji Kasto na baiskeli zake, mwambie spoku alizoniagiza zitakuja na mama Adela. Nisalimie mama mdogo Monika, sauti ya kwanza ya kwaya, mwambie nimesikia amegoma kusimama karibu na mke wa katekista na mimi niko upande wake. Mjomba Benedikti, fundi cherehani wetu, asinishonee suruali nyingine kwa vipimo vya mwaka ule, mtu anabadilika. Na wote wanaokusikiliza ukisoma hapo mkekani waambie Deo anawakumbuka, mmoja mmoja.

Dada, sasa ikunje hii karatasi, waambie imeisha. Ukurasa wa pili ni wako peke yako. Usome kesho, ukiwa shambani.

*

Haya. Umeshakaa? Sasa nikuambie kilichotokea.

Jua lilitoka. Lilinipiga mgongoni kupitia lile koti la mama Adela, mbao zikapata joto, nikakaa nikaegemea nguzo. Wengine walikuwa wakinong'ona, matete yanasugua, na mimi, tangu nikiwa mtoto, hakuna kitu kinachonilaza kama dungu. Unanijua. Nikasinzia, mdomo wazi, kibati cha mkate mapajani.

Kilichoniamsha ni mvumo. Nilifungua macho nikaona wingu la ndege wadogo weusi linapinda juu ya nyasi za ukingoni, linashuka kwa pamoja, mamia, vvuuu, kama linavyoshuka juu ya masuke yenye maziwa. Walikuwa kwezi wa huku. Wamerudi kutoka kusini, na watu wale walikuwa wakiwasubiri tangu alfajiri watue, yule mzee wa bomba ameshaandaa kamera.

Mimi sikujua hayo. Sikujua niko nchi gani, dada. Nilisimama kwa miguu miwili, nikapiga kile kibati kwenye reli, pa! pa! pa!, nikaachia: "Haaaya-hoooo! Haaaya-hoooo! Haaaya-hoooo-weeee!"

Kila kitu kilichokuwa na mbawa kiliondoka. Kwezi, bata, bukini wale wagomvi, wa kishungi, hata kunguru wa mbali ambao hawakuhusika. Anga lilijaa, kisha likawa tupu. Barafu peke yake ndiyo iliyobaki, nayo nadhani ilipasuka zaidi.

Wale ni watu wastaarabu, hawakunitukana, nami ningelipia kutukanwa. Mzee wa bomba alikuwa anaangalia kioo cha kamera yake kama anayeangalia kaburi. Na Adela alikuwa amevuta kofia ya koti mpaka puani. Masikio sikuyaona lakini shingo niliiona, imezama mabegani. Alisema neno moja la Kiswidi, lile vijana wao wanalosema mzazi akicheza ngoma hadharani. Kwetu tungesema: aibu.

Nikawaza, nimemaliza. Miezi mitatu ya uji wa kimya, amenipa Jumamosi moja, na nimeifanya hivi.

Hapo ndipo ndege wa matete alipotoka. Sikumwona kwa jicho la mtoto wa mpunga wala la mtoto wa mahindi. Alikuwa chini yetu hapo hapo, hatua kumi, amesimama wima amejifanya tete asubuhi yote, na kelele zangu zilipomzidi akaona bora ahame. Aliinuka kwa uzito, miguu inaning'inia, akapita mbele yetu polepole mpaka ng'ambo, kila mstari wake unaonekana. Watu sita walivuta pumzi kwa pamoja. Birgitta alishusha darubini, machozi yanamlenga. Alisema miaka mingi anamsikia na kumwona ni mara chache sana. Kisha akanigeukia, uso mkavu: "Njia hii, bwana, haimo kwenye kanuni zetu. Na isirudiwe." Mkono alinipa kweli, lakini ulikuwa ule wa kumpa mfiwa.

Nikashuka ngazi kwanza, nisimame mbali nisiharibu zaidi. Adela alishuka, halafu akasema amesahau glavu, akarudi juu. Tukatembea nusu saa yote ya matope, yeye mbele, mimi nyuma. Kituoni pa basi nikashindwa kuvumilia.

"Adela, nisamehe."

"Kwa leo?"

"Kwa leo. Na kwa Krismasi. Hasa Krismasi."

Alichora chini kwa ncha ya buti. "Ulikuwa unawafukuza?"

"Ndiyo."

"Kwa nini? Wamekufanya nini?"

Na hapo, dada, nikaona kwamba mtoto huyu, kwa miaka miwili, alikuwa akifikiri baba yake anachukia ndege, au anamdharau yeye, na sikuwahi kumpa maelezo ya tatu. Lile sharti la kutosimulia Ifakara nikalivunja. Nilimsimulia dungu. Nilimsimulia tunavyoamka usiku haujaisha, uji kwenye chupa, makopo tuliyofunga kwenye kamba kuzunguka majaruba yote ya mpunga, ukivuta moja yanalia yote. Wingu linaloshuka. Kwamba ndege wale ni wadogo kama dole gumba, lakini wakikaa kwa muda mtu anaochemsha chai, mnabaki na makapi.

"Na wakila wote?" akauliza.

"Mnanunua kwa waliokesha. Au hamli."

Hakucheka wala hakusema pole. Alifikiri mpaka basi likapita, tukaliacha. Kisha akasema, kwa Kiswahili, kile chake cha kuokoteza: "Nifundishe."

"Nini?"

"Ile. Haya-ho."

Kituoni, dada, mbele ya mama mmoja na kigari cha sokoni! Alijaribu. Ilitoka nyembamba kama anaita paka. Nikamwambia, si kooni, tumboni, wewe ni mtu wa Ifakara, unamwambia ndege kwamba shamba lina mwenyewe. Akajaribu tena. Mama wa kigari akatusogelea kuuliza kama tunahitaji msaada. Adela alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope, na mimi nilikuwa sijausikia mcheko ule tangu alipokuwa na miaka kumi.

Ndipo akauliza: "Wewe nani alikufundisha?" Nami, nikiwa nimelewa mcheko ule, nikajibu: "Hakuna. Nilikuwa bingwa wa bonde zima."

Unaona nilipofikia.

Jumamosi iliyofuata nilirudi naye, sikualikwa, nilijialika, na ndoo ya mandazi ya kuwaomba radhi wazee. Walikula yote, mzee wa bomba alikula manne na kuniambia kwezi wamerudi siku ya pili yake, hawana kinyongo. Nikapanda dunguni. Ubao uko pale. Nilitegemea kukuta jina la Birgitta, au hakuna kitu. Niliona mwandiko ninaoujua, ule ule wa karatasi anazotubandikia Adela kwenye friji. Jina la ndege, kisha: mmoja. Mahali pa aliyemwona palikuwa pameandikwa kwa Kiswidi: baba yangu, Deo.

Hakuwa amesahau glavu yoyote. Alirudi juu, mbele ya wale watu wote, dakika tano baada ya kufa kwa aibu, akachukua chaki akaandika mimi ni wa nani.

Dada, nilisimama pale nikashindwa kusema uongo. Sijui kwa nini pale, na si kituoni. Nikamwambia Adela ukweli, na sasa nakuandikia wewe, ingawa wewe ndiye pekee uliyekuwa ukiujua siku zote. Kwamba mimi sikuamia ndege hata siku moja nzima. Nilikuwa nalala. Nilikuwa naingia chini ya dungu na gunia, kwenye kivuli, na wewe juu ulikuwa unavuta kamba za upande wako, kisha unakimbia kuvuta za upande wangu, unapiga kelele za watu wawili, tangu jua linatoka mpaka linazama, mpaka sauti inakauka. Na nyumbani mama akiuliza, ulikuwa unasema kwa ile sauti iliyokauka, "Deo leo kaamia vizuri." Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alinipa mimi ukoko, kwa kuwa nimefanya kazi na bado mdogo. Nikaula. Miaka arobaini na zaidi, sijawahi kulisema hili kwa mtu.

Na zile kelele zilizonitoka bwawani, Frasia, sikuwahi kuzipiga. Zilikuwa zako. Hata ule "weee" wa mwisho, unaouvuta kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Nilizisikia nikiwa usingizini kila siku ya msimu, kumbe nilikuwa nimezihifadhi zote, mpaka nilipozihitaji ndipo zikatoka, nchi ya barafu, kwa ndege wasio na kosa.

Adela alinisikiliza. Hakunipunguzia, alisema tu, "Kwa hiyo ulikuwa unalala hata wakati ule." Kisha akachukua chaki, akaufikia ubao, na chini ya jina langu akaongeza mstari.

Kwa hiyo tangazo la mwanzo nalisahihisha, nawe unaweza kumpa padre hili badala ya lile. Juu ya bwawa la matete, mbele ya Spånga, chini ya paa ambapo mvua haifiki, pameandikwa kwa chaki: na shangazi Frasia, wa Ifakara. Wazee wakiuliza huyo ni nani, Adela anawaeleza. Nimemsikia akiwaeleza. Kwa kunong'ona, lakini kwa kirefu.

Mwisho wa Juni mpunga utakuwa umeshavunwa, najua, na ndege hawatakuwa na la kufanya. Mpeleke hivyo hivyo, kwenye mabua. Msimamishe juu, umpigie ile haya-ho yako ya jioni, aisikie kutoka kwa mwenyewe. Na mimi nilete chini ya dungu kwa maneno, mwonyeshe mahali gunia lilipokuwa.

Mdogo wako, aliyeamka kwa kuchelewa,

Deo